Ratiba ya picha siku ya harusi Dar: anza kuipanga kutoka jioni kurudi asubuhi

"Kaka, utakuja saa ngapi?" Mimi ni mpiga picha wa harusi; swali hili naulizwa na kila bibi harusi, na jibu langu ni lilelile: niambie kwanza ibada inaanza saa ngapi na ukumbi uko wapi. Hapo ndipo yanapofuata mengine. Mekapu ianze lini? Picha tukapigie wapi? Saa moja ufukweni inatosha? Mbona harusi ya binti wa jirani picha zote ni za gizani? Nimeyajibu kwa sauti za WhatsApp saa tano usiku mpaka nimechoka, kwa hiyo nimeyaandika hapa yote kwa pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeoa au kuolewa Dar es Salaam. Ni wako pia mwanakamati uliyekabidhiwa kitengo cha picha na video kwa sababu siku ya kikao ulichelewa, ukakuta vitengo vingine vimeshagawanywa.

Shika jambo moja tu la nadharia, mengine ni kazi ya mikono. Siku ya harusi ina vitu vitatu visivyobembelezeka: kiongozi wa dini, jua na foleni. Saluni, keki, MC na shangazi yako wote wanasogezeka. Ratiba hupangwa kwa kuvipigilia misumari hivyo vitatu kwanza, kisha unahesabu kurudi nyuma. Wengi wanaanza na asubuhi na kusonga mbele, na ndiyo maana saa kumi na mbili jioni inawakuta bado wako Mwenge.

Uwe na haya kabla ya kushika kalamu

- Saa ya ibada uliyothibitishiwa na kanisa au msikiti wenyewe. Usiitoe kwenye kadi. Jumamosi parokia nyingi za mjini zina ndoa zaidi ya moja, na wakati mwingine maharusi kadhaa wanafungishwa katika misa moja. Hilo linabadilisha urefu wa misa na nafasi ya kupiga picha mlangoni.
- Saa ya jua kuzama tarehe yako.
- Saa ya maji kujaa na kupwa, kama unataka ufukwe.
- Majina ya sehemu zote: anakovalia bibi harusi, anakovalia bwana harusi, ibada, sehemu ya picha, ukumbi. Zikizidi tano, punguza.
- Orodha ya picha za familia, kwa majina ya watu.
- Namba za mpambaji, dereva wa gari la maharusi, mpiga video, MC, DJ na msimamizi wa ukumbi.
- Mtu mmoja wa kushika saa. Huyu nitamrudia.

Hatua ya 1: Andika saa kwa namna moja tu

Inaonekana ya kitoto, lakini imeniumbua. Bibi harusi mmoja wa Kimara alinitumia ratiba: "7:30 picha za nyumbani." Nikasoma saa saba na nusu mchana, nikajua ndoa ni ya jioni. Yeye alikuwa amenakili saa ya kwenye simu, yaani saa moja na nusu asubuhi, na misa yao ilikuwa saa nne. Simu ilinikuta kitandani Sinza. Nilifika kwa bodaboda, begi la kamera mgongoni, shati halijapigwa pasi. Picha ya gauni likiwa limetundikwa dirishani hawana mpaka leo.

Chagua saa za Kiswahili na uweke neno la wakati kila mara: saa 4:00 asubuhi, saa 8:00 mchana, saa 12:15 jioni. Mstari usio na neno hilo urudishe kwa aliyeuandika.

Hatua ya 2: Pigilia ibada

Nenda ofisi ya kanisa, au mtume msimamizi wa ndoa, muulize mambo manne: misa huchukua muda gani, wapiga picha wanasimama wapi, flashi inaruhusiwa au la, na baada ya misa mna dakika ngapi mlangoni kabla ya kundi linalofuata. Kila kanisa lina utaratibu wake. Kwingine mpiga picha hakanyagi kabisa eneo la altare, kwingine anaruhusiwa pembeni wakati wa viapo tu. Ni bora uyajue mwezi mmoja kabla kuliko kuyasikia padri akiyasema kwenye kipaza sauti.

Misa ya ndoa ihesabie saa moja na nusu hadi saa mbili. Kuna mahubiri, kwaya, sadaka, matangazo na kusaini vyeti. Anayekuambia dakika arobaini na tano hajawahi kukutana na kwaya inayowapenda maharusi.

*Kosa la kawaida:* kuwaacha wageni wajae njia ya katikati na simu zao. Bibi harusi anaingia, mimi napiga picha za migongo. Muombe katekista au mzee wa kanisa aseme neno moja kabla ya maandamano.

Hatua ya 3: Pigilia jua, kisha chagua sehemu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo picha zinapopona au kufa.

Dar jua linazama mapema mwaka mzima. Mwezi Mei huzama karibu saa 12:12 jioni. Mwanzoni mwa Februari ndipo linapochelewa kuliko wakati wote, karibu saa 12:47. Tofauti ni kama nusu saa tu. Likishazama, giza letu halibembelezi: ndani ya dakika ishirini au ishirini na tano umeshaanza kuwasha taa za gari. Mwanga mzuri, ule laini wenye rangi ya asali, ni saa moja ya mwisho. Kwa hiyo maharusi wawe wamefika sehemu ya picha saa 11:00 jioni, wakiwa wameshuka garini. Kuwa njiani hakuhesabiki.

Saa sita hadi saa tisa mchana jua la hapa liko utosini. Macho yanakuwa mashimo meusi na mekapu inatiririka. Ikibidi kupiga muda huo, tafuta baraza au kivuli cha mwembe, usitafute mandhari.

Sasa ombi ninalolipata kila wiki: "Tunataka jua likizama baharini, Coco Beach." Haliwezekani. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo Coco jua linachomoza baharini na linazama nyuma yako, upande wa nyumba za Oysterbay. Ukitaka jua lizame majini nenda upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, kama pale Slipway, ghuba ikiwa mbele yako. Sisemi Coco mbaya. Jioni pale maharusi wakiipa bahari mgongo wanapata mwanga laini usoni, na anga nyuma yao inageuka rangi ya waridi. Ila usiahidiwe kitu ambacho jiografia haina.

Na kuna maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hapa hujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni, saa zilezile mnazozitaka ninyi. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu, na sehemu kubwa ya mchanga wa Coco hufunikwa. Wiki moja baadaye mambo hugeuka, jioni maji yamepwa. Tazama tarehe yako kwenye programu ya maji kujaa na kupwa, au muulize mvuvi yeyote pale ufukweni, atakuambia bila kutazama kitu. Nilishawahi kusimama na maharusi kwenye ukingo wa barabara, gauni lenye mkia wa mita mbili limebebwa na wapambe wanne kama jeneza, kwa kuwa hapakuwa na pa kuliweka chini.

Kama si bahari, mjini kuna Bustani ya Mimea yenye miti mikubwa ya tangu enzi za Wajerumani, kuna viwanja vya Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, na kuna kilima cha Chuo Kikuu kwa anayetaka kuuona mji kwa mbali. Kote huko, na kwenye bustani za hoteli, uliza mapema kuhusu ruhusa na ada ya picha za harusi. Mlinzi wa getini Jumamosi jioni si mtu wa kuanza naye mazungumzo.

*Tahadhari mbili.* Kamera isielekezwe Ikulu pale Magogoni wala kwenye maeneo ya jeshi, hata kama ukuta wake mweupe unavutia. Na droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anayekuambia "tutairusha haraka tu" muulize kibali chake kiko wapi.

Chagua sehemu moja, mbili kama ziko jirani. Watakaotaka Coco, Daraja la Tanzanite na bustani kwa jioni moja watapata picha nyingi za ndani ya gari.

Hatua ya 4: Hesabu foleni kwa msafara, si kwa gari lako

Jumamosi mbili kabla ya harusi, endesha njia zote kwa saa zilezile. Andika dakika ulizotumia, kisha zidisha mara moja na nusu, kwa sababu siku yenyewe hutakuwa gari moja. Kutakuwa na msafara, na kama mmekodi matarumbeta basi mbele yenu kuna pikapu yenye vijana wanaopuliza tarumbeta kwa mwendo wa kutembea. Matarumbeta ni raha, mimi mwenyewe nayapenda. Ila yape kipande chake: yawachukue kutoka kanisani hadi barabara kuu, dakika kumi na tano, kisha gari la maharusi na la wapiga picha yachomoke, msafara uelekee ukumbini taratibu.

Ukumbi ukiwa Kigamboni, usiiweke ratiba yako kwenye foleni ya kivuko. Pita Daraja la Nyerere na hela ya daraja iwe mkononi mwa dereva. Ukiwa wa Kimara au Mbezi ya Kimara na mvua imenyesha kweli, kumbuka Jangwani hufungwa maji yakijaa. Njia ya pili iandikwe kwenye karatasi, isibaki kichwani mwa dereva.

Hatua ya 5: Rudi nyuma hadi saluni

Tuseme misa ni saa 8:00 mchana katikati ya mji, bibi harusi anavalia Mbezi Beach. Awe kanisani saa 7:40. Atoke nyumbani saa 6:30. Kabla ya kutoka anahitaji nusu saa ya picha akiwa amevaa, yeye peke yake, na mama, na baba anapomwona kwa mara ya kwanza. Hiyo ni saa 6:00. Kuvaa gauni nusu saa nyingine. Usicheke, kamba za mgongoni huwa ishirini na kitu, na anayejua kuzifunga huwa ameenda kununua maji. Hiyo ni saa 5:30. Basi mekapu iwe imekwisha saa 5:15 asubuhi. Imekwisha, maana yake mpambaji anafunga sanduku lake.

Hapo ndipo swali la "mekapu ianze saa ngapi" linajijibu. Muulize mpambaji anatumia dakika ngapi kwa bibi harusi na ngapi kwa kila mpambe, jumlisha, halafu ongeza saa moja. Wapambe sita na mama wawili kwa mpambaji mmoja ni kuanza alfajiri. Afadhali mlipie msaidizi.

*Kosa linaloharibu harusi nyingi kuliko mvua:* bibi harusi kuwekwa wa mwisho kwenye kiti. Kila aliye mbele yake akichelewa dakika kumi, deni lote linamwangukia yeye. Mwekeni katikati, wapambe wawili wamalizike baada yake. Wakichelewa wao, hakuna ibada itakayowasubiri.

Jingine: saluni ya nje au nyumbani? Kama picha ni muhimu kwako, mlete mpambaji nyumbani au hotelini. Saluni Jumamosi imejaa maharusi wengine, vioo vinaonyesha drai na ndoo za maji, na kutoka Sinza hadi nyumbani una foleni nyingine ambayo hukuihesabu.

Mpiga picha afike saa moja kabla ya mekapu kwisha. Saa hiyo ni ya vitu vidogo: pete, viatu, kadi, ua, manukato, gauni lililotundikwa. Viwekwe pamoja kwenye boksi moja tangu usiku. Usipofanya hivyo pete itakuwa kwa msimamizi, msimamizi yuko Tabata, na simu yake imezima.

Neno moja la hali ya hewa yetu, maana watu wanadhani tunadeka. Chumba kikiwa na kiyoyozi kikali, kamera ikitoka nje kwenye joto la Dar lenzi inaingia ukungu papo hapo, na haufutiki kwa kitambaa, unarudi. Inataka dakika kumi hadi kumi na tano izoee. Kwa hiyo kiyoyozi kizimwe au kipunguzwe kabla hamjatoka, la sivyo picha ya bibi harusi akishuka ngazi itaonekana ya ndotoni.

Bwana harusi? Dakika arobaini zinamtosha, pamoja na ya kutafuta soksi. Kama ana mpiga picha wa pili, apigwe wakati uleule. Kama hana, apigwe kanisani nusu saa kabla ya misa.

Hatua ya 6: Picha za familia ziwe na orodha na mwenye sauti

Kundi moja hula dakika mbili hadi tatu. Makundi kumi na mawili ni nusu saa nzima. Ukiandika makundi thelathini umejinyang'anya jua. Baki na kumi hadi kumi na mawili: wazazi wa pande zote, ndugu wa damu, mababu na mabibi, wasimamizi, wapambe, kamati. Wafanyakazi wenza na waliosoma pamoja watapigwa ukumbini, wataelewa.

Anza na wazee na watoto. Wazee wanachoka kusimama, na mtoto wa maua akishalala hakuna atakayemwamsha akacheka. Kisha waruhusu wapande magari.

Tafuta mtu mmoja kila upande anayewajua wote kwa sura na asiyeona haya kupaza sauti. Mara nyingi ni shangazi. Mimi simjui baba mdogo wako, nikiita "familia ya bwana harusi" wanakuja watu arobaini. Harusi moja tulimaliza makundi yote, tukafunga mabegi, ndipo ikagundulika bibi mzaa mama hayumo hata kwenye picha moja. Alikuwa kwenye Noah, kiyoyozi kinapuliza, anakula karanga zake. Hakuna aliyemwita, naye hakuona sababu ya kushuka.

Hatua ya 7: Kaa na MC mapema

Kadi itasema saa 12:00 jioni. Wewe na mimi tunajua wageni wanaanza kujaa saa moja na nusu usiku. Usione hilo kama tatizo, maana ndilo linalokupa nafasi ya ufukweni na nusu saa ya kupumzika na kurekebisha mekapu. Panga kuingia ukumbini kati ya saa 1:30 na saa 2:00 usiku, na uwe na kauli moja na MC.

Mpe MC na DJ orodha ya vitu ambavyo haviwezi kuanza kabla wapiga picha hawajakaa tayari: kuingia, keki, shampeni, kulishana, ndafu kama ipo, zawadi za wazazi, neno la shukrani. Neno moja tu la MC, "wapiga picha tayari?", linatosha.

Mwambie DJ taa kuu zisizimwe wakati wa keki na zawadi. Zile taa za leza za kijani zisielekezwe jukwaani. Zinatia madoa usoni kwa bibi harusi na zinaweza kuunguza kihisi cha mwanga cha ndani ya kamera, nacho bei yake hutaipenda.

Tena bila aibu: wapiga picha wale wakati maharusi wanakula. Hakuna anayetaka kupigwa akitafuna. Mkiwaweka mwisho wa foleni, sahani inafika mkononi ndipo MC anaita zawadi.

Hatua ya 8: Mkabidhi mtu saa

Ratiba isiyo na mwenyewe ni karatasi tu. Mwenyewe asiwe bibi harusi, wala bwana harusi, wala mama. Asiwe MC, anakuja jioni. Asiwe mpiga picha, ana kazi yake na hawezi kumfokea mjomba wako. Mtafute mwanakamati anayeheshimika, asiyekunywa mpaka zawadi ziishe, mwenye simu yenye chaji. Mpe ruhusa mbele ya wazazi ya kusema "tunaondoka".

Chapa ukurasa mmoja, herufi kubwa. Nakala moja ibandikwe kwenye kioo cha anakovalia bibi harusi, nyingine kwa kila dereva. Kundi la WhatsApp halitoshi, asubuhi ile lina pongezi mia mbili.

Kama ndoa ni ya Kiislamu

Mifupa ya ratiba ni ileile, viungo vinabadilika. Ndoa mara nyingi hufungwa baada ya sala, adhuhuri au alasiri, msikitini au nyumbani, na bibi harusi huwa kwingine pamoja na wanawake. Hayo ni matukio mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mnahitaji wapiga picha wawili, na wa upande wa bibi harusi awe mwanamke.

Kipande kigumu ni bwana harusi kuja kumpa mkono mkewe. Chumba kidogo, mlango umezibwa na mashangazi wanaodai chao kabla ya kufungua, na tukio lenyewe ni la dakika mbili. Mpiga picha wa kike awe ameshaingia na kuchagua kona kabla bwana harusi hajafika barazani.

Angalia pia magharibi. Azana inaingia jua likizama, yaani katikati ya mwanga mnaoutaka. Pangeni picha za nje ziishe dakika ishirini kabla. Na kwa shughuli ya wanawake peke yao, andikianeni mapema: nani anabaki na memori kadi, picha zipi hazitolewi kabisa, nani anazichagua. Maneno ya mdomo hapa hayatoshi.

Mfano: Jumamosi ya Agosti, misa mjini, ukumbi Mikocheni

Jua linazama karibu saa 12:23 jioni.

Saa 4:15 asubuhi – mpiga picha anafika Mbezi Beach, vitu vidogo
Saa 5:15 asubuhi – mekapu ya bibi harusi imekwisha
Saa 5:30 asubuhi – kuvaa gauni
Saa 6:00 mchana – picha za bibi harusi, wazazi
Saa 6:30 mchana – kuondoka
Saa 7:10 mchana – mpiga picha wa pili na bwana harusi, kanisani
Saa 7:40 mchana – bibi harusi anafika
Saa 8:00 mchana – misa
Saa 9:45 alasiri – mlangoni, matarumbeta, makundi ya familia
Saa 10:20 jioni – kuondoka
Saa 11:00 jioni – ufukweni
Saa 12:30 jioni – kuondoka, kupumzika, mekapu
Saa 1:40 usiku – kuingia ukumbini

Ona kwamba kati ya kanisa na ufukwe nimeweka dakika arobaini kwa safari ambayo kwa kawaida ni robo saa. Nimeziweka makusudi, na mtu akikuambia uzijaze na "picha chache pale mnarani" mkatalie.

Mambo yakienda kombo

*Saluni imechelewa saa nzima.* Usikate picha za familia, hazirudiki. Kata picha za bibi harusi peke yake nyumbani, uzipige ufukweni. Gauni livaliwe bila picha, muondoke.

*Misa imeisha saa 11:00.* Achaneni na ufukwe wa mbali. Pigeni makundi manne tu mlangoni, kisha tafuta eneo la dakika tano kutoka hapo. Makundi yaliyobaki yapigwe ukumbini mbele ya mapambo kabla ya chakula, mwambie MC awape dakika kumi na tano.

*Mvua.* Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, hivyo aliyepanga Aprili asijifanye kushangaa. Tafuta tangu mwanzo baraza pana au ukumbi wa mapokezi wa hoteli, ukalipie ruhusa. Na mwavuli mweupe au wa kung'aa bila maandishi, kwa sababu wa kampuni ya simu utaonekana kwenye albamu miaka thelathini.

*Umeme umekatika wakati wa kujiandaa.* Sogeza kiti karibu na dirisha. Picha huwa nzuri zaidi, kilio ni cha pasi na drai tu. Mashati yapigwe pasi tangu Ijumaa.

*Mpiga picha na mpiga video wanagombana.* Huwa wanagombea nafasi moja. Wakutanisheni wiki moja kabla, wakubaliane nani anaongoza kanisani na nani ufukweni. Siku yenyewe mtu wa saa ndiye mwamuzi.

*Mmefika Coco maji yamejaa.* Msishuke. Zungukeni upande wa pili wa rasi, si mbali, na huko ndiko jua linakozama. Piga simu mkiwa bado garini mjue mnaingia kwa nani na kwa shilingi ngapi.